Musitupe ile ordinatere ya zamani

Bandugu wakulima, na nyinyi wa komite za koperative, leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya ordinatere, ile wengine wanaita kompyuta. Najua kuna mtu atasema: agronomu anatafuta nini mule? Ngojeni niwaambie kisa kimoja, halafu mtaona kama si neno la shamba.

Koperative moja ninayofuatilia, kwenye barabara ya kutoka Likasi kwenda Kambove, ilikuwa inaandika madeni ya mbegu ndani ya ordinatere. Mkulima anachukua mbegu na mbolea kabla ya mvua, anarudisha mahindi baada ya mavuno, mwezi wa nne ao wa tano. Mimi mwenyewe njo niliwaambia waache kaye, kwa sababu kaye inalowana na panya wanaikula. Walinisikia. Mwezi wa tisa ordinatere ikakataa. Ilikuwa imejaa virusi vilivyoingia na kle za USB, na Windows iliyokuwa ndani ilikuwa kopi ya mtaani ambayo haikupata marekebisho hata siku moja. Kijana mmoja wa mjini akalipwa aisafishe. Akaisafisha kweli: akafuta vyote. Madeni yakaenda, na malipo yakaenda pamoja nayo.

Komite ikaandika liste upya kwa kukumbuka tu. Mama mmoja mjane hakukumbukwa. Siku ya kugawa mbegu akaambiwa bado ana deni. Akasema: « Agronomu, mi nilishaka kulipa. Magunia mbili nilileta mi mwenyewe ku depo. Sasa ordinatere njo inajua kunipita? » Sikuwa na jibu. Ilikuwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili wakati mlinzi wa depo alipopata kakaratasi kake ka zamani, na magunia mawili ya yule mama yakaonekana pale. Akaombwa samahani, akapewa mbegu. Lakini mnajua wenyewe: kwetu mvua inashika vizuri mwezi wa kumi na moja na inakatika kuelekea mwezi wa nne. Anayepanda mahindi katikati ya mwezi wa kumi na mbili amekwisha kupoteza wiki nne za maji. Mavuno yake yalikuwa madogo kuliko ya majirani wote, na shamba lake halina kosa lolote.

Baada ya pale komite ikasema: ordinatere imekufa, tuombe mpya kwa mradi. Hapo njo ninapokataa.

Ile mashine haikufa. Ni ya miaka mingi, iko na RAM ya gigabaiti 2, disk yake bado inazunguka vizuri. Kilichoishinda ni mzigo. Windows 11 inadai RAM ya gigabaiti 4 kwa uchache, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye disk, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 ambacho mashine za zamani hazina. Windows 7 ilikwisha kuachwa bila marekebisho tangu tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ordinatere nyingi zilizo katika ofisi zetu ziko kama nyumba isiyo na mlango. Hata tukileta mpya tano, tukiweka tena kopi ya mtaani na kle zilezile, baada ya miaka miwili tutarudi palepale.

Kuna njia nyingine. Mwaka 1969, kule Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walianza kutengeneza mfumo ulioitwa Unix. Wazo lake lilikuwa programu ndogondogo, kila moja inafanya kazi yake vizuri, na zinasaidiana. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatengeneza moyo wa mfumo unaofanana na ule, akautoa kwa watu wote: ni Linux. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, ambayo inakusanya Linux na maelfu ya programu, na inashikwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Ubuntu, ambayo wengine wenu mmesikia jina lake, ilizaliwa kutoka Debian mwaka 2004; na jina lile ni la kwetu Wabantu, ni lile neno ambalo Baluba wanasema bumuntu. Vyote hivi ni bule, kwa sheria. Hakuna leseni ya kuiba, hakuna namba ya siri ya kununua sokoni.

Lakini kusema « tuweke Linux » hakutoshi. Ukiiweka na mapambo yake yote, nayo inaweza kuelemea mashine ya zamani. Mimi natetea kitu kidogo zaidi: kuanza na mfumo mtupu, halafu kuongeza yale tu ambayo ofisi ya koperative inatumia kila siku. Ofisi yetu inahitaji nini? Kuandika barua. Kupiga hesabu kwenye jedwali. Kusoma fishi za PDF. Kufungua imeli. Kuchapa karatasi. Basi. Haihitaji michezo, wala madirisha yanayong'aa, wala programu ishirini zinazofunguka zenyewe asubuhi.

Hivi njo tulivyofanya na ile ordinatere. Kwanza, katika mashine nyingine, tulichukua kwenye intaneti picha ndogo ya kusimika Debian, ile inayoitwa netinst, tukaiandika kwenye kle ya USB. Tukafunga telefone kwa kamba yake ya USB ikawa mlango wa intaneti. Tukachagua lugha ya Kifaransa na klavye ya AZERTY, kwa sababu hizo ndizo sekreterere amezoea. Mfumo ukauliza neno la siri la mkubwa wa mashine, yule anayeitwa root. Tukaacha wazi, kwa hiyo mtumiaji wa kwanza akapewa ruhusa ya kutumia amri ya sudo. Mwishoni kuna ukurasa wenye alama za kuchagua. Watu wengi wanapita pale bila kusoma. Pale njo pa kusimama: tukaondoa alama kwenye meza zote za picha, tukabakisha vyombo vya kawaida vya mfumo tu.

Mashine ilipowaka tena, ilionyesha skrini nyeusi na maandishi meupe. Sekreterere akasema: « Muliiharibu kabisa! » Hapana. Ule ni uwanja uliofyekwa, bado haujapandwa. Tukaandika mstari mmoja:

sudo apt install xorg lightdm icewm pcmanfm libreoffice libreoffice-l10n-fr firefox-esr firefox-esr-l10n-fr cups

Kila neno pale lina kazi yake. Xorg inaleta picha kwenye skrini. Lightdm inafungua mlango na kuuliza neno la siri. IceWM inashika madirisha na menyu ya chini. PCManFM inaonyesha mafaili na kle. LibreOffice ni ya barua na jedwali, Firefox ni ya intaneti, CUPS ni ya mashine ya kuchapa. Kazi yote ilikula zaidi ya gigabaiti moja ya intaneti, tuliifanya usiku wakati forfe ni ya bei nafuu. Asubuhi yake ile ordinatere ya gigabaiti 2 ilikuwa inatumia chini ya megabaiti 300 kabla ya kufungua programu yoyote. Jedwali la wamemba linafunguka wakati sekreterere bado anavuta kiti.

Kama mashine yenu ni ya zamani zaidi, ya biti 32, mjue kwamba Debian 12 ya mwaka 2023 njo ya mwisho yenye njia ya kusimikwa juu yake. Debian 13 ya mwezi wa nane 2025 haina tena.

Kwa hali yetu hapa Likasi nimeona faida tatu. Ya kwanza ni umeme. Unakatika bila kuaga, na hiyo sote tunaijua. Debian inahifadhi mafaili kwa namna inayoitwa ext4, yenye kaye yake ya ndani inayoandika kazi inayofanyika. Umeme ukirudi, mfumo unasoma kaye ile na kujitengeneza. Barua uliyokuwa hujaihifadhi inaweza kupotea, lakini mashine inaamka. Ya pili ni kle. Virusi vile vya Windows, vinavyoficha mafolda na kuweka vivuli vyake, haviwezi kuendeshwa pale. Mnayaona mafaili yote, hata yaliyofichwa, na mnafuta uchafu kwa mkono. Ya tatu ni kwamba mashine inapata marekebisho bila kulipa, kwa amri mbili fupi mara moja kwa mwezi.

Sasa niseme na magumu, maana sitaki mtu arudi kunilaumu. LibreOffice inafungua mafaili ya Excel, lakini fishi zenye makro, zile za vitufe ambazo baadhi ya wafadhili wanatutumia, mara nyingi hazitembei. Mashine fulani za kuchapa hazielewani na Linux. Ulizeni kabla ya kununua. Na vijana watasema wanataka kujifunza Windows kwa ajili ya kazi ya mjini. Wana haki. Lakini anayejua kupanga jedwali la mbegu kwenye LibreOffice hatapotea kwenye Excel, kwa sababu hesabu ni ileile. Na lugha isitutishe: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice, ambayo LibreOffice ilitoka kwake mwaka 2010. Wenzetu walionyesha kwamba « hifadhi » na « chapa » ni maneno ya ordinatere pia.

Gumu la mwisho ndilo ninaloogopa zaidi: mtu mmoja tu kujua. Kama mimi peke yangu nafahamu ile skrini nyeusi, koperative imetoka kwa kijana wa mjini ikaingia kwa agronomu, haijapata uhuru wowote. Kwa hiyo natoa sharti: kila koperative ifundishe watu wawili, na mmoja awe mama wa komite, sio sekreterere peke yake. Wasimike mfumo kwa mikono yao, tangu kle mpaka mstari wa mwisho, halafu wafute na kurudia mara ya pili bila mimi. Neno la siri liandikwe, liwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa prezida.

Na kaye irudi. Hapa natubu mbele yenu. Ordinatere ni msaidizi wa kaye. Kila malipo yaandikwe kwanza kwa kalamu, mkulima aweke sahihi ao kidole, halafu yaingizwe kwenye jedwali. Kila Ijumaa jedwali linakiliwa kwenye kle mbili, moja inabaki ofisini, nyingine inalala kwa mshika pesa. Sio kwa kupenda kazi nyingi. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa tarehe 15 Desemba 2010, inadai rejista ya wamemba ishikwe kwenye makao ya koperative, na Kongo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Kukumbuka tu kwa komite hakuwezi kuwa rejista.

Kwa wenzangu wa miradi, naomba kwa heshima: mnapoandika bajeti, msikimbilie mstari wa « ordinatere mpya ». Andikeni siku tatu za mafunzo, disk moja ya akiba, kle nne, na forfe ya intaneti. Ni franga kidogo kuliko mashine moja mpya. Na fishi mnazotutumia, zitoeni makro, ziwe jedwali la kawaida ambalo kila koperative inaweza kufungua.

Kwa komite: msingoje mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa nane na wa tisa kazi ya shamba ni kidogo, na depo bado ina mahindi ya malipo yanayoweza kuhesabiwa kwa macho. Itoeni ile mashine kwenye kona, mpangushe vumbi, mkopi kwanza kila kitu kilicho ndani, halafu mniite ao mmwite yeyote aliyekwisha kujifunza. Ile koperative ya barabara ya Kambove imekwisha kuanza. Mstari wa kwanza walioandika kwenye jedwali jipya ni jina la yule mama, na pembeni yake: magunia 2, amelipa.