Cheo ni Dhamana

Nchini Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 yamtaka mkurugenzi wa shirika la umma atoe tamko la mali na madeni yake. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Tamko lake laweza kuwa safi, ilhali michango ya uzeeni iliyokatwa katika mishahara ya wafanyakazi haijafikishwa kwenye mfuko wa hifadhi. Mzee aliyetumika miaka 30 anapostaafu, huambiwa asubiri. Twasema wazi: mkurugenzi asimtupie mhasibu lawama. Kabla ya kuidhinisha gari jipya au posho za vikao, ahakikishe jasho la wafanyakazi limefika mahali pake. Nao wafanyakazi wadai taarifa ya michango yao. Kunyamazia dhuluma si amani.