Umeposti mara mbili, ukakata tamaa?

Muuzaji mwenzangu, tuambiane ukweli. Jumatatu umeposti kitunguu saumu cha Mbulu, kimya. Jumanne kimya. Jumatano umefuta posti, umebadili jina la ukurasa, sasa unauza viatu. Na rejesho la kikoba ni Ijumaa!

Hapa hapa kwetu, bonde la Yaeda, Wahadzabe wakitaka asali humpigia mluzi ndege anayejua nyuki walipo. Hawajui atajibu saa ngapi. Wanatembea, wanapiga mluzi, wanapiga tena. Akiitika, wanamfuata mti kwa mti.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lao: kwenye vilima vya Kidero, wanakowinda Wahadzabe, uwezekano wa ndege kuitika mluzi wa Kihadzabe ulikuwa zaidi ya mara 3 ya mwito wa Wayao wa Msumbiji. Ndege anaitika mwito anaoujua.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "subiri tu". Subira ya kukaa haiuzi. Inayouza ni kurudia mwito uleule mpaka watu wauzoee: jina lilelile, saa ileile, picha ya mzigo wako mwenyewe, bei imeandikwa. Ukibadilisha kila wiki, kila wiki wewe ni mgeni.

Rejesho la Ijumaa hii kauze mnadani. Ukurasa ujenge kwa ajili ya miezi ijayo.

Na mteja akiuliza "bado ipo?" usimjibu kesho. Ndege ameshaitika, mfuate!

Leo unauza nini? Andika hapa chini, na bei yake.