Josh Gibson hakubebwa

JICHO LA PEMBENI
Na Rashidi Mwinyimvua

Mei 2024 Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani iliingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi katika vitabu vyake, na Josh Gibson akapanda hadi kileleni. Wastani wake wa .372, yaani mapigo salama 372 katika kila majaribio 1,000, ulimshusha Ty Cobb mwenye .367, aliyestaafu mwaka 1928. Kelele zikaanza papo hapo: Gibson ana majaribio 2,000 na ushei, Cobb zaidi ya 11,000. Eti kabebwa.

Kabebwa na nani? Msimu wa ligi yake ulikuwa mfupi kwa kuwa timu za Weusi ziliishi kwa mechi za kuzungukazunguka, usiku kwenye basi, mchana uwanjani, na mechi hizo hazihesabiwi. Bamba lake la ukumbi wa magwiji, Cooperstown, linataja mipira karibu 800 aliyoivusha uzio. Kitabu rasmi hakifiki 200. Wala hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kumzuia kuingia ligi kuu. Wamiliki walielewana tu. Leo unamnyima mtu mechi, kesho unamsimanga kwa uchache wa mechi zake!

Kinachonikera zaidi ni kwamba wote wanazungumzia gongo. Gibson alikuwa mdakaji. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, kinga ya chuma usoni, vidole vikishuka kati ya mapaja kumwonyesha mrushaji mpira wa aina gani autume. Wenzake wote wanamtazama yeye, naye anautazama uwanja mzima. Magoti huumia, vidole huvunjika. Cobb alilinda nyasi za nyuma, amesimama wima. Mtu ashinde amechuchumaa juani, kisha ainuke na kupiga kuliko yeye. Hilo wastani hausemi.

Miaka ya 1940 timu yake, Homestead Grays, ilikodi uwanja wa Griffith jijini Washington siku ambazo wenyeji, Senators wa ligi kuu, wamesafiri. Clark Griffith, mmiliki wa Senators, akapokea kodi. Gibson alichuchumaa palepale anapochuchumaa mdakaji wa Griffith, na Griffith hakumsajili. Mwaka 1943, mwaka aliogundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo, alipiga kwa wastani wa .466. Akafariki Januari 20, 1947, akiwa na miaka 35. Aprili ya mwaka huohuo Jackie Robinson, mchezaji Mweusi, akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers wa ligi kuu. Cooperstown wakampokea marehemu mwaka 1972, ilhali kaburi lake Pittsburgh halikuwa na jiwe lenye jina hadi 1975.

Wanaodai jina la Gibson liwekewe alama ya nyota, ile ya kuitilia rekodi shaka, waiweke. Ila na Cobb apate yake: misimu 24, na hakuna hata mechi moja ya ligi aliyomkabili mrushaji Mweusi.