Ukuta wa Shule Si Bango la Watalii

Umeenea mtindo wa kuwaalika wanafunzi na wakazi wachore picha kubwa katika kuta za shule zao, kuonyesha mazingira yanayowazunguka. Jambo lenyewe ni jema. Lakini yatupasa kutazama kinachochorwa. Mara nyingi shule iliyo kando ya bahari huchorwa simba, twiga na theluji ya Kilimanjaro, vitu ambavyo watoto wale hawajapata kuviona ila katika kalenda. Mikoko iliyo nyuma ya darasa haimo.

Hiyo ni kasumba. Tumezoea kuyahesabu mazingira kuwa bidhaa ya kumwuzia mgeni, hata mtoto wetu naye huitazama nchi yake kwa macho ya mtalii. Wala asituletee mtu hoja ya Tingatinga. Alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, marehemu yule alikuwa akitafuta riziki yake, na wateja wake wengi walikuwa wageni. Ukuta wa shule hauuzwi.

Tuchukue mfano wa delta ya Rufiji. Wakazi wa huko huutambua mkoko na mkandaa, mchu na mlilana, kila mmoja kwa jina lake. Wanajua ni mti upi hutoa boriti, ni gome lipi hutoa rangi, na kamba wachanga hukulia wapi. Elimu hiyo wanayo wazee, wavuvi na wakata miti, ambao wengi wao hawaitwi shuleni ila siku ya kuchangishwa. Wakiitwa kuchora, ubishi hautakosa kuzuka, nao ndio wenye faida. Je, shamba la mpunga lililofyekwa ndani ya mikoko lichorwe? Mwenye shamba ni jirani, na huenda mwanawe ndiye aliyeshika brashi. Mwalimu Mkuu atashauri liachwe, wageni rasmi wasije wakakwazika siku ya uzinduzi.

Mimi nasema lichorwe, na visiki vyake vyote. Mwenye shamba naye apewe sehemu yake ya ukuta, achore magunia ya mpunga na watoto anaowalisha kwayo, kwani hakufyeka kwa ujinga. Kijiji kisimame mbele ya picha hiyo kijadiliane. Wakubwa wasipoweza kuvumilia hayo, basi ukuta upakwe chokaa, na fedha za rangi zinunuliwe madaftari.