Bibi Anapogeuka Mkali

Baada ya sala ya Ijumaa alitujia kijana mmoja tuliyemsomesha Juzuu Amma zamani, uso umemsawijika. "Maalim," akasema, "bibi yangu amemwuma mke wangu mkono." Akatueleza kuwa bibi huyo, aliyekuwa mpole mno, sasa hupiga kelele akipelekwa kuoga, humwita mkewe mwizi wa kanga, na magharibi ikikaribia husimama mlangoni akitaka kwenda kwa mamaye, aliyekwisha fariki miaka mingi. Majirani wasema ni jini. Mkewe naye amefunga mizigo.

Hatukumjibu upesi, kwani sisi wenyewe tuliwahi kukosa katika jambo hili. Shangazi yetu marehemu alipokuwa katika hali hiyo tulimkemea kama tumkemeavyo mwanafunzi mtoro, na usiku tukamfungia kwa kufuli. Kila tulipokemea alizidi. Tukadhani ni ukaidi. Hata siku alipoacha kula kabisa, akaletwa mwuguzi, akamtazama kinywani: jino limeoza na ufizi umefanya usaha. Kumbe muda wote ule alikuwa akiumwa, ila hakuwa tena na maneno ya kutwambia. Jino likang'olewa, na makelele ya wakati wa chakula yakakoma.

Maradhi haya matabibu huyaita dimenshia, nayo ni maradhi ya ubongo, si tabia mbaya wala si uzee mtupu. Tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliieleza aina yake iliyo mashuhuri mwaka 1906, kwa habari ya mwanamke aliyepokewa hospitalini Frankfurt mwaka 1901, akiwa na miaka 51 tu. Mwanamke yule naye alimdhania mumewe mabaya na kuficha vitu nyumbani. Wala sisi Waislamu habari hii si ngeni kwetu, kwani Suratin Nahl yawataja wanaofikishwa umri wa kupotewa na waliyokuwa wakiyajua.

Basi na tuyatazame mambo kwa jicho la bibi. Kanga amezificha mwenyewe, akasahau, na hajui kuwa amesahau. Kwa akili iliyombakia, zimeibiwa. Bafuni, mtu asiyemtambua amvua nguo na kummwagia maji ya baridi. Mwanamke mwenye haya afanye nini ila kupigana? Magharibi amechoka, vivuli vimerefuka, na pengine ana mtoto wa jicho.

Ikiwa ukali umezuka ghafula, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali bila kukawia. Yaweza kuwa ugonjwa wa njia ya mkojo, kufunga choo, kukosa maji mwilini, au dawa mpya. Huko Norway, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, wazee 352 wa nyumba za kutunzia walishirikishwa. Waliotibiwa maumivu kwa utaratibu, wengi wao kwa parasetamoli tu, fujo zao zilipungua. Lakini dawa za kutuliza wenye wazimu zisinunuliwe kwa kubahatisha. Tangu mwaka 2005 wakuu wa dawa wa Marekani wameonya kuwa huzidisha vifo kwa wazee wenye maradhi haya.

Kisha tukamwuliza kijana: "Bibi ni wa nani?" Akainama. Amri ya Surat Bani Israil, ya kutowakemea wazee, humfikia mwana na mjukuu kabla ya mke aliyeolewa nyumbani humo. Mwenye kuuguza asipopumzika hukasirika, mgonjwa akaiona hasira ile akaogopa, na aliyeogopa hupiga. Tukamtaka awaite dada zake wapokezane kumwogesha, kwa maji ya uvuguvugu na kanga mwilini. Yeye ateke maji, afue, na magharibi awe nyumbani badala ya barazani kwetu. (Twakiri baraza letu lina lawama hapa.)

Ijumaa iliyopita alirudi. Bibi alipimwa mkojo, akapewa dawa, na usiku sasa hulala. Mkewe amefungua mizigo, ingawa bado hucheka kidogo. Kwa mamaye bibi angali ataka kwenda. Kijana hambishii tena: humshika mkono, wakazunguka nyumba polepole hadi mwarobainini, akimwuliza habari za mama huyo, alipika nini, aliimba nini. Wakirudi mlangoni bibi humshukuru kwa kumfikisha.