Mzinga upo, ndege haipo, waliobeba hawatajwi

Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, upo mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Wageni huushika, huuzunguka, hupiga picha. Habari za ndege zilizosaidia kuimaliza manowari hiyo hazisimuliwi sana.

Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza wakamkodi Dennis Cutler, rubani wa kiraia wa Durban, na ndege yake ya kutua majini. Rejeta ilipoharibika, ikafungwa ya gari la Ford iliyopatikana Mombasa! Cutler aliiona manowari, lakini Desemba injini ikamzimikia, akaangukia mtoni na kutekwa. Akasalia mfungwa hadi 1917.

Ndege zilizofuata nazo zilitaabishwa na joto la pwani. Tarehe 11 Julai 1915, John Cull alirusha ndege, mwenzake Harold Arnold akiwaelekeza kwa redio wapiga mizinga wa meli Severn na Mersey. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Arnold hakunyamaza: huku wakishuka, aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Ndege ikapinduka mtoni, Cull akanaswa na mkanda wa kiti chini ya maji. Wote wawili waliokolewa. Siku hiyohiyo kapteni Max Looff aliamuru Königsberg iharibiwe.

Ushujaa huo ni wa kweli. Ila hadithi inakatizwa hapo, ilhali Wajerumani waliiopoa mizinga ya meli hiyo na kuitumia vitani nchi kavu, ikikokotwa na mamia ya Waafrika kwa kamba na mabega. Rubani ana jina vitabuni. Aliyevuta kamba hana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa Waafrika wengi waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa majina. Kukiri kumechelewa zaidi ya miaka 100.

Malindi nayo ina sehemu yake katika vita vya angani, safari hii katika Vita vya Pili vya Dunia. Oktoba 1940 ndege za Italia ziliudondoshea mji huu mabomu. Miongo michache baadaye Waitalia wakarudi kwa amani, wakajenga hoteli, na leo muuza samaki wa Malindi anapatana nawe bei kwa Kiitaliano bila kigugumizi. Si vibaya, ila mgeni anayepelekwa kuiona nguzo ya Vasco da Gama ana haki ya kuambiwa na habari za mabomu hayo.

Mtoto aliyekuwa na miaka sita mabomu yalipoanguka mwaka 1940 sasa amepita tisini. Makavazi ya Malindi na serikali ya kaunti ya Kilifi ziwatume vijana wenye vinasa sauti kwa wazee hao, Malindi mjini na vijijini, mwaka huu. Na wewe msomaji, ukiwa na babu au bibi wa umri huo nyumbani, usiingoje kaunti: muulize leo.