Malipo ya simu yasimwadhibu mfanyabiashara mdogo

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, simu ya mkononi imekuwa benki ya mamilioni ya watu. Leo muuza mitumba wa Kariakoo hupokea malipo ya mteja aliye Mbeya, kisha akapakia mzigo kwenye basi la jioni. Kumbukumbu za miamala hiyo zinaweza pia kumpatia mkopo mdogo bila kuweka rehani hati ya nyumba.

Hata hivyo, madukani bado tunaambiwa: “Tuma na ya kutolea.” Makato ndiyo yanayowarudisha wengi kwenye fedha taslimu. Tuliliona hilo mwaka 2021, tozo za miamala zilipozua malalamiko hadi Serikali ikazipunguza kwa asilimia 30.

Benki Kuu ya Tanzania imeshajenga TIPS, mfumo unaounganisha benki na mitandao ya simu. Sasa kampuni zishushe ada za miamala midogo, na Serikali isigeuze kila muamala kuwa chanzo cha mapato. Wafanyabiashara nao watumie namba za malipo na kutunza hesabu zao. Uchumi wa kidijitali haujengwi kwa makato.